Sarufi na Utungaji wa Kiingereza katika Shule ya Msingi: Tusahihishe Nini, na Tuache Nini?

Utangulizi

Walimu wanachuo waendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huwafuata na karatasi zetu za tathmini, tukaketi nyuma ya darasa na kusikiliza. Kwa njia hiyo tumeona masomo mengi ya Kiingereza, na katika mengi yao tumeona jambo moja likijirudia. Somo la sarufi huenda vizuri, na somo la utungaji huenda vibaya. Watoto waliojaza nafasi zilizoachwa wazi siku ya Jumanne bila kukosea, wakipewa insha siku ya Alhamisi huandika kana kwamba somo la Jumanne halikuwapo. Ndipo mwalimu mwanachuo huchukua kalamu nyekundu akafanya kazi mpaka usiku, na madaftari hurudi kwa watoto yakiwa mekundu kuliko yalivyokuwa ya buluu.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sarufi na utungaji si masomo mawili, na kwamba kinachoyaunganisha ni kosa la mtoto lenyewe, likisomwa vema. Swali tunalotaka kulijibu ni la kazi ya kila siku: mwalimu aliye na daftari mbele yake asahihishe nini, na aache nini?

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, mtoto katika shule nyingi za umma hukutana na Kiingereza katika kipindi cha Kiingereza tu. Akifika sekondari, Baiolojia na Jiografia humjia kwa Kiingereza, naye hutakiwa kueleza kwa sentensi zake mwenyewe. Mtoto aliyefika Darasa la Saba akiwa ameacha kuthubutu kuandika hatasaidiwa sana na kanuni alizozikariri. Kwa hiyo tunapochukua kalamu nyekundu tunashika kitu kinachoweza kumjenga mtoto au kumnyamazisha.

Insha ya mbuzi

Tuanze na kisa ambacho sisi wenyewe tulihusika nacho, na ambacho hatujivunii. Mwalimu mwanachuo mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa akifundisha Darasa la Tano katika shule ya kijijini. Aliwapa watoto insha juu ya nyumbani kwao. Mvulana mmoja aliandika hivi:

"My goat he is born two childs in the night. My father he is wake me at ten o'clock. I have fear because there is no light. Grandmother he bring fire. One child is dead and one is stand. I am give him name Baraka."

Mwalimu mwanachuo alichora duara nyekundu 14 katika insha hiyo, akaandika sahihisho juu ya kila duara, akatoa alama 2 kwa 10. Tulilikagua daftari hilo, tukaona hakuna kosa la sarufi lililompita, na katika karatasi ya tathmini tukaandika kwamba usahihishaji wake ni makini.

Wiki iliyofuata tulirudi. Insha ilikuwa juu ya rafiki. Mvulana yule aliandika sentensi nne: "I have a friend. His name is Juma. He is a boy. He is tall." Hapakuwa na kosa hata moja, naye alipata 9. Tulimwita pembeni, naye akaja, akatuamkia, akasimama. Tulimwuliza kwa nini safari hii ameandika kwa ufupi hivyo. Alijibu kwa upole, "Mwalimu, haya ninayajua."

Jibu hilo lilitufanya tuione upya karatasi yetu ya tathmini. Mtoto alikuwa na habari ya kusimulia, akaisimulia kwa lugha asiyoimudu, akapata 2. Kisha akaacha kusimulia, akapata 9. Alama zetu zilikuwa zimemfundisha kwamba njia ya kufaulu Kiingereza ni kutosema kitu. Wala kosa halikuwa la mwanachuo peke yake, maana sisi ndio tuliomsifu.

Kuyasoma makosa

Hebu turudi kwenye zile duara 14, si kwa kuzihesabu bali kwa kuzipanga katika mafungu. Tunamsihi kila mwanachuo afanye zoezi hili kwa insha za watoto wake kabla ya kuandika alama yo yote.

Fungu la kwanza lina duara tatu: "My goat he", "My father he", "Grandmother he". Hili ni kosa moja lililotokea mara tatu. Katika Kiswahili hatuwezi kusema "Baba yangu liniamsha". Ni lazima tuseme "Baba yangu aliniamsha". Ile a- iliyo mwanzoni mwa kitenzi humtaja baba mara ya pili. Mtoto huyu amechukua utaratibu sahihi wa lugha anayoijua akauweka katika Kiingereza: "My father" ni baba yangu, na "he" ni ile a-. Tena, kwa kuwa a- na yeye havibagui mume na mke, bibi na mbuzi wote wamekuwa "he". Mtoto hakufanya uzembe. Alifuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni ya lugha nyingine.

Fungu la pili nalo lina duara tatu: "is wake", "is stand", "am give". Kitenzi cha Kiswahili kina vipande. Katika "anaandika" kuna a-, kuna -na-, kuna andika. Mtoto ana "he" kwa kipande cha kwanza, na "write" kwa kipande cha mwisho. Kipande cha katikati hakina mwenzake. Neno "is" hulisikia kila siku darasani, basi huliweka hapo, liwe ni mahali pa -na-, pa -li- au pa -me-.

Fungu la tatu lina duara tatu pia: "there is no light", "bring", "is dead". Hapa mtoto ameanza habari ya wakati uliopita, kisha wakati umemponyoka. Katika Kiswahili wakati hutajwa na kiambishi kilicho ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi, mahali pasipobadilika. Katika Kiingereza hutajwa mara nyingi mwishoni mwa kitenzi, kama "cooked", au kwa kubadili kitenzi chenyewe, kama "brought". Mtoto hajazoea kuutafuta wakati huko.

Fungu la nne lina duara mbili, "is born" na "have fear", nalo ni la misemo. Mtoto alijifunza "I was born" kama kipande kizima, hajui kwamba mama "gives birth". Na "I have fear" ni "nina hofu" yetu. Ndugu zake ni "I have hungry" na "I have ten years", ambazo kila mwalimu amezisikia.

Zimebaki duara tatu. Neno "childs" si la Kiswahili hata kidogo. Mtoto amegundua kwamba Kiingereza huonyesha wingi kwa kuongeza s, akaitumia kanuni hiyo mahali isipofaa. Hata watoto wanaozaliwa katika Kiingereza hupita hapo, wakasema "goed" badala ya "went". Kosa la namna hii ni dalili ya kujifunza, kwa kuwa hakuna mtu aliyemfundisha neno "childs", amelijenga mwenyewe. Duara ya pili ilikuwa kijineno "the" kilichokosekana mbele ya "name", na Kiswahili hakina kijineno cha aina hiyo. Ya tatu ilikuwa "him" badala ya "it". Hii nasi tungeiacha, maana hata Mwingereza mwenye mnyama ampendaye humwita "him".

Basi tuhesabu upya. Kati ya duara 14, duara 9 zilitoka katika mizizi mitatu tu. Mvulana yule hakuwa na matatizo 14. Alikuwa na matatizo makubwa matatu, na kila moja lingeweza kuwa somo la wiki moja. Lakini kutoka katika daftari lake hakuweza kuyaona matatu hayo, kwa sababu duara zote zilikuwa nyekundu sawasawa.

Fikira hizi si ngeni katika taaluma yetu. Mwaka 1957 Robert Lado, mtaalamu wa isimu wa Marekani, alieleza kwamba yanayofanana na lugha ya mwanafunzi humwia mepesi, na yanayotofautiana nayo humwia magumu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1967, S. Pit Corder alionyesha kwamba makosa humweleza mwalimu ni wapi mwanafunzi amefika, na kwamba kwa mwanafunzi mwenyewe kukosea ni njia ya kujaribu kile anachodhani kuwa ni kanuni. Corder alitenga pia kosa la kutojua na kuteleza kwa ulimi au kalamu. Darasani tofauti hiyo hupimwa kwa urahisi: mwambie mtoto asome tena sentensi yake kwa sauti. Akijirekebisha, aliteleza. Akiisoma vilevile kwa uhakika, hapo pana kazi ya kufundisha.

Yafaa tutoe tahadhari mbili. Kwanza, si kila mtoto wa Tanzania ameanza na Kiswahili. Mtoto wa Kisukuma au Kihaya ataonyesha mengi yanayofanana na haya, maana lugha hizo ni za Kibantu. Mtoto wa Kimasai au Kiiraqw huenda asionyeshe. Mwalimu aulize watoto wake husema nini nyumbani. Pili, asimfundishe mtoto kanuni nyepesi za tafsiri, kama kwamba -me- ni "have". "Nimekula" ni "I have eaten", sawa. Lakini "nimechoka" ni "I am tired", "amesimama" ni "he is standing", na "amevaa shati" ni "he is wearing a shirt". Kanuni iliyo kweli nusu huzaa makosa ambayo mtoto atayaandika kwa ushupavu, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyempa.

Kosa lisiloonekana

Katika insha ya mbuzi kuna kosa ambalo mwanachuo hakulichorea duara, wala sisi hatukuliona. Mtoto aliandika kwamba baba yake alimwamsha "at ten o'clock". Sarufi ya maneno hayo haina dosari. Lakini mtoto alikusudia saa kumi alfajiri, ambayo kwa Kiingereza ni "four o'clock in the morning". Sisi tuliosoma haraka tulidhani ni usiku wa mapema. Kumbe mtoto alikuwa akitusimulia ile saa ya baridi kabla ya jogoo, bibi akaja na moto gizani.

Waswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na Waingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri; tofauti ni saa sita. Kila mwaka watoto huandika "I go to school at one o'clock" wakiwa na maana ya saa moja asubuhi, nao hupewa alama ya vema. Vilevile mtoto husema "Borrow me your pencil", kwa sababu kuazima kwetu ni kutoa na kupokea pia, ilhali Kiingereza kina "lend" na "borrow".

Tunalitaja jambo hili ili kuonyesha kwamba mwalimu anayewinda makosa ya sarufi peke yake haisomi insha. Anayeisoma kwa kutaka kujua mbuzi alizaa lini ndiye atakayeiona saa iliyokosewa.

Kutoka kosa hadi somo

Mwalimu akishayapanga makosa, achague moja. Achague lile lililoenea kwa watoto wengi, tena linaloweza kufundishwa kwa wiki moja. Huu hapa ni mfano wa andalio la somo juu ya fungu la kwanza.

Darasa: la Tano. Muda: dakika 40. Mada: Sentensi moja, mtenda mmoja. Lengo: Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kuandika sentensi tano juu ya mtu wa nyumbani kwake pasipo kumtaja mtenda mara mbili katika sentensi moja. Zana: ubao, kiti kimoja, na kadi sita za karatasi ya maboksi zenye maneno "My father", "My grandmother", "My goat", "He", "She", "It".

Hatua ya kwanza (dakika 5): Mwalimu aandike ubaoni "Baba aliniamsha", aulize ni herufi gani katika kitenzi inayomtaja baba tena. Watoto wataiona a-. Awaeleze kwa Kiswahili kwamba Kiingereza hakina a- hiyo. Kisha afute ubao, na Kiswahili kikae pembeni. Wapo wanaodhani kwamba neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni dhambi. Sisi twaona kwamba dakika tano za kulinganisha lugha mbili huokoa nusu saa ya kukisia, ila zisizidi tano.

Hatua ya pili (dakika 10): Kiti kiwekwe mbele ya darasa. Mtoto mwenye kadi "My father" aketi, na darasa zima lisome: "My father woke me." Aje mwenye kadi "He". Ili aketi, yule wa kwanza hana budi kuondoka: "He woke me." Wakijaribu kuketi wote wawili, darasa litacheka na kuwakataza. Kiti ni kimoja, na mkaaji ni mmoja. Tumeona watoto wakikumbuka kiti hiki muda mrefu baada ya kusahau maneno ya mwalimu.

Hatua ya tatu (dakika 10): Mwalimu aongoze sentensi mbilimbili kwa mdomo. Sentensi ya kwanza imtaje mtu, na ya pili itumie "He", "She" au "It": "My grandmother brought fire. She put it near the goat." Hapa mtoto hujifunza kwamba "he" aliyefukuzwa katika sentensi ya kwanza ana kiti chake katika ya pili, na kwamba bibi hukaliwa kiti na "She".

Hatua ya nne (dakika 12): Watoto waandike sentensi tano juu ya mtu wa nyumbani. Mwalimu apite kati ya madawati, asisahihishe kwa kalamu, ila aulize, "Katika kiti hiki wameketi wangapi?"

Hatua ya tano (dakika 3): Watoto wawili au watatu wasome kazi zao. Mwalimu aulize swali moja juu ya habari yenyewe, si juu ya lugha.

Ngazi tatu za utungaji

Somo moja halitoshi kumfikisha mtoto katika insha. Baina ya sentensi ya ubaoni na insha huru pana ngazi tatu, na makosa mengi tuyaonayo hutokea kwa sababu mtoto ameruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu.

Ngazi ya kwanza ni utungaji wa kuongozwa kabisa. Mwalimu huchora jedwali lenye safu za watenda, vitenzi na vitendwa, na mtoto huchagua moja katika kila safu. Jedwali lenye safu tatu za maneno manne manne hutoa sentensi 64, zote sahihi. Faida yake ni mazoea ya mkono na macho. Upungufu wake ni kwamba hakuna hata moja kati ya sentensi hizo 64 iliyo ya mtoto mwenyewe. Mwalimu asikae hapa mwaka mzima kwa kufurahia madaftari safi.

Ngazi ya pili ni utungaji wa kusaidiwa. Mwalimu asimulie habari fupi ya kijijini, aandike ubaoni vitenzi vitakavyohitajika, kama "woke", "brought", "died", "stood", "gave", kisha watoto waisimulie tena kwa maandishi. Au aandike mwanzo wa habari na kuacha mwisho. Ngazi hii ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa, kwa kuwa mtoto hupata maneno bila kunyang'anywa fikira. Mvulana wetu angalipewa vitenzi vitano hivyo, insha yake ingalipona nusu ya majeraha yake.

Ngazi ya tatu ni insha huru. Hapa mada iwe ya kitu ambacho mtoto anakijua na mwalimu hakijui. Mada kama "My Friend" hualika sentensi za kukariri. Mada kama "A night I did not sleep" au "How we cook ugali at home" humlazimu mtoto kutafuta maneno. Mwalimu azungumze na watoto kwanza, aandike ubaoni maneno watakayoyaomba, ndipo wachukue kalamu.

Kusahihisha

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Katika insha huru, kalamu nyekundu isahihishe lile lililofundishwa wiki hiyo, pamoja na yale yaliyokwisha kufundishwa zamani. Mengine yaachwe daftarini mwa mtoto, lakini yaandikwe katika daftari la mwalimu. Daftari hilo la makosa ndilo litakalompa somo la wiki ijayo. Kwa hiyo kosa lililoachwa halikusamehewa; limeahirishwa hadi zamu yake.

Mwalimu na atoe alama mbili zilizotengana: moja ya habari, nyingine ya jambo la lugha lililolengwa. Insha ya mbuzi ingalipata alama kubwa ya habari na ndogo ya lugha, na mtoto angalijua ni wapi ana mali na ni wapi ana deni. Kabla ya alama, aandike sentensi moja ya Kiingereza chepesi inayoonyesha kwamba ameisoma habari: "Is Baraka strong now?" Swali la namna hiyo humfanya mtoto aandike tena.

Walimu wanachuo hutuuliza, nao wana haki, watawezaje kufanya hayo katika darasa la watoto 80. Hebu tupige hesabu. Kusahihisha kila kitu kwa dakika 5 kwa daftari ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kwa insha moja. Kusahihisha jambo moja na kuandika swali moja huchukua kama dakika 2, ambazo ni dakika 160 kwa darasa zima. Tena yawezekana kugawa darasa katika makundi manne ya watoto 20. Kila wiki mwalimu asome kundi moja kwa makini, na makundi mengine yabadilishane madaftari na kutafuta lile jambo moja lililolengwa. Mtoto hawezi kuyaona makosa 14 ya mwenzake, lakini viti vyenye watu wawili atavihesabu.

Upo ugumu mwingine ambao hatupaswi kuuficha. Mwalimu mkuu, mzazi au mthibiti ubora wa shule akilifungua daftari na kukuta makosa yasiyochorewa, aweza kudhani mwalimu ni mvivu au hajui Kiingereza. Kwa mwanachuo anayepimwa hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuandika lengo waziwazi juu ya ukurasa, mathalani, "Wiki hii: mtenda mmoja", na kuwa tayari kuonyesha daftari la makosa na maandalio yanayofuata. Nasi wakufunzi tunapaswa kubadili tathmini yetu. Badala ya kuuliza ni makosa mangapi mwalimu ameyaona, tuulize ni mangapi ameyafundisha.

Hitimisho

Kabla ya mazoezi kwisha tulimwomba mwanachuo yule ampe mvulana daftari lake, na chini ya insha ya mbuzi aandike swali: "What does Baraka eat?" Siku mbili baadaye lilirudi na ukurasa mzima. Ulikuwa na makosa mengi. Wakati uliopita uliponyoka kama zamani, na "is" ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Lakini palikuwa na "My sister he" moja tu, na ile "he" ilikuwa imekatwa na mtoto mwenyewe kwa kalamu yake. Baraka, tulisoma, hunywa maziwa "at one o'clock". Safari hii mwanachuo alicheka, akachora saa ya mishale pembeni mwa ukurasa, ili amwonyeshe mtoto kesho yake ni wapi mshale mfupi unapoelekea saa moja ya asubuhi.

Mwalimu anayekwenda darasani kwa mara ya kwanza ataona ni rahisi kuchora duara kuliko kuchagua. Tunamshauri achague. Sarufi hufundishwa ili mtoto aweze kusema alichonacho, na mtoto asiyesema kitu hana pa kuitumia.

Maswali ya kujadiliana

1. Chukua insha tano za watoto wa darasa unalofundisha. Panga makosa yote katika mafungu kwa kufuata chanzo chake. Ni fungu lipi utalifundisha kwanza, na kwa nini?

2. Watoto wengi wakiulizwa "Have you not eaten?" hujibu "Yes" wakiwa na maana kwamba hawajala. Linganisha jibu hilo na Kiswahili, kisha tayarisha somo la dakika 40 juu yake.

3. Tunga kifungu cha utungaji wa kusaidiwa juu ya jambo lililotokea kijijini au mtaani kwako. Orodhesha vitenzi utakavyowapa watoto.

4. Mzazi amekuja shuleni akilalamika kwamba hukusahihisha makosa yote katika daftari la mwanawe. Jadilianeni wawili wawili, mmoja akiwa mzazi na mwingine mwalimu.